KUNUNUA VYOMBO VYA NYUMBA: TAZAMA CHINI KABLA YA KULIPA

Mtu aanzapo maisha katika nyumba yake mwenyewe, fedha alizozikusanya kwa miezi mingi huweza kumtoka katika juma moja tu: kitanda, meza, viti na kabati. Akidanganyika, si rahisi kuzipata tena. Kwa sababu hiyo twapenda kueleza namna ya kuvipima vyombo hivyo kabla ya kutoa fedha. Si lazima mnunuzi awe seremala. Yatosha macho, mikono na subira.

USIDANGANYWE NA RANGI

Vanishi nzito huweza kuupa ubao hafifu sura ya mvule au mkangazi. Basi kipindue kiti, toa mtoto wa meza kabisa, tazama na mgongo wa kabati. Mahali ambapo brashi ya fundi haikufika, ndipo ubao unaposema kweli.

Mvule ni mgumu, na mchwa hauuli upesi. Mtarakwa hutambulikana kwa harufu yake nzuri, nao pia hustahimili wadudu. Saipresi na paini ni mbao laini za bei nafuu. Si mbaya kama zimekauka vema. Ziko pia mbao zilizofanywa kwa chembe za miti zilizogandamizwa kwa gundi. Hizo hufaa mahali pakavu, lakini zikiingiwa na maji huvimba na kumomonyoka, na skurubu iking'oka mara moja haishiki tena sawasawa. Ukiona matundu madogo yenye vumbi jipya kama unga, jua kuwa wadudu wamo ndani. Usikinunue chombo hicho.

UBAO MBICHI NI HASARA

Ubao ukikauka hupungua upana, ingawa urefu wake haubadiliki sana. Kwa hiyo meza iliyofanywa kwa ubao mbichi hupasuka juu, na viungo vyake hulegea hata kama fundi ni hodari. Ubao mbichi huwa mzito kuliko mwenzake mkavu wa aina ile ile, na ukiugusa kwa kiganja huuona wa baridi. Muulize fundi mbao zake zimekaa muda gani tangu kupasuliwa, naye akuonyeshe mahali alipozipanga zikauke.

NGUVU IMO KATIKA VIUNGO

Kazi nzuri ni ile ambayo kipande kimoja kimechongwa ulimi, ulimi ukaingizwa katika tundu la kipande cha pili na kushikwa kwa gundi. Misumari mitupu hulegea kila kiti kinapotikiswa. Shika kochi kwa pembe moja ya mbele, uliinue polepole. Mguu ukifika kadiri ya sentimita 15 juu, na mguu wa pili wa mbele ungali chini, kochi hilo limelegea.

Kitanda kisukume kwa ubavu. Kikiyumba au kulia leo dukani, nyumbani kitazidi. Tazama mahali mifumbati inaposhikana na matendegu, maana uzito wote wa walalao huishia hapo. Chaga nazo ziwe nene, na zisiachane mno.

KOCHI HUFICHA MENGI

Chini ya kitambaa kizuri huenda pakawa na mbao za masanduku na vipande vya sponji vilivyounganishwa. Bonyeza kwa ngumi: sponji njema hurudi upesi, na ngumi yako haiguswi na ubao. Lililo bora ni kuagiza kochi na kulitazama kabla halijavikwa kitambaa. Huko Gikomba, Nairobi, na katika miji mingine mingi, mafundi hufanya kazi mbele ya macho ya watu. Fundi mwaminifu haoni haya kukuonyesha mifupa ya kazi yake.

HESABU YA BEI

Bei ya chombo haihesabiwi kwa siku ya kununua tu, bali kwa miaka kitakayodumu. Tuseme kitanda kimoja ni shilingi 9,000, nacho huvunjika baada ya miaka 2. Kingine ni shilingi 24,000, nacho hudumu miaka 20. Cha kwanza chagharimu shilingi 4,500 kila mwaka. Cha pili shilingi 1,200 tu. Katika miaka hiyo 20, aliyependa bei ndogo atakuwa amenunua vitanda 10 kwa shilingi 90,000. Wahenga walisema, rahisi yavunja upishi.

Lakini tahadhari: bei kubwa peke yake si ushahidi wa kazi njema. Vipime vyote viwili kwa njia tulizozitaja.

Na mwenye fedha kidogo afanyeje? Asijaze nyumba vyombo vibovu kwa siku moja. Na anunue kitanda imara kwanza, wageni wakae mkekani kwa muda, kisha aongeze meza na viti kadiri apatavyo. Akiagiza kwa fundi, asilipe fedha zote mbele. Na aina ya ubao, vipimo na siku ya kumaliza viandikwe katika stakabadhi. Hakuna aibu katika nyumba yenye vyombo vichache. Hasara ni kulipia kitu kimoja mara mbili.