Vita iliyouzwa kwenye kadi ya posta

Mwaka 1916, kwenye mji wa El Paso, kule Texas, Marekani, mpiga picha Walter Horne alikuwa anachapa maelfu ya kadi za posta kwa siku. Wanunuzi wake wengi walikuwa waaskari.

Ngambo ya mto, Mexico ilikuwa ndani ya mapinduzi. Tarehe 9 Machi, watu wa Pancho Villa walishambulia mji mdogo wa Columbus, New Mexico. Marekani ikatuma jenerali Pershing kumufuata Villa (hakumukamata), kisha waaskari wa akiba zaidi ya 100,000 wakapangwa mupakani. Wengi wao hawakuona vita hata siku moja. Lakini nyumbani walingojewa na mama, dada, wachumba, na radio ya kusikiliza nyumbani ilikuwa haijakuja. Kadi njo ilikuwa habari: farasi, mizinga, mistari ya mahema, na nyuma yake salamu.

Posta ilisaidia hiyo biashara. Tangu 1898, kadi zilizochapwa na watu binafsi zilipita kwa senti 1 tu. Mwaka 1907 watu wakaruhusiwa kuandika ujumbe upande wa anwani, basi picha ikabaki peke yake mbele.

Kati ya kadi za Horne zilizouzwa sana, kulikuwa zile za Januari 1916 kule Ciudad Juárez: wanaume watatu wanapigwa risasi mbele ya ukuta, kila mmoja na kadi yake. Hizo pia zilinunuliwa kama ukumbusho, sawa na zile za farasi na mahema.