Bima Ina Kikomo, Madai Hayana

Ndugu msomaji, mtu akijaliwa kununua gari, jambo analoliwaza kwanza ni gari lenyewe: lisiibwe, lisigongwe, lisiungue. Akijenga nyumba, huiwazia vivyo hivyo. Hatuwezi kumlaumu, kwa kuwa jasho lake limo humo. Lakini iko hasara nyingine ambayo aghalabu hatuikumbuki mpaka itukute barabarani, nayo ni hasara tunayomtia mwenzetu.

Gari lako likipondeka, hasara yake haizidi thamani ya gari hilo. Bali ukimgonga fundi kijana mwenye mke na watoto, akapoteza mguu na kazi, fidia yake haipimwi kwa thamani ya gari lako. Hupimwa kwa gharama za matibabu, kwa kipato ambacho hatakipata tena, na kwa maumivu aliyoyapata. Hesabu hiyo yaweza kuizidi thamani ya gari lako mara nyingi.

Ndiyo maana sheria ya bima ya magari ya Tanzania, Sura ya 169, haimlazimishi mwenye gari kulikinga gari lake. Humlazimisha kumkinga mtu wa tatu, yaani yule atakayedhurika. Kinga hiyo ndiyo iitwayo mitaani “bima ndogo”. “Bima kubwa” huongeza juu yake kinga ya gari lenyewe. Hapo ndipo wengi wetu tunapokosea: tunasikia neno “kubwa” tukadhani kwamba kila deni litalipwa. Ukubwa huo ni wa mambo yanayokingwa. Kiasi cha fedha kitakacholipwa ni suala jingine, na chaweza kuwa na kikomo.

Tazama mfano wa jirani zetu wa Kenya. Sheria yao ya bima ya mtu wa tatu, Sura ya 405, huweka kikomo cha shilingi milioni 3 za Kenya kwa madai ya mtu mmoja. Mahakama ikiamua kwamba majeruhi alipwe milioni 5, milioni 2 zinazobaki humwangukia aliyesababisha ajali. Hapo huulizwa ana nini: kiwanja, akiba, au mali nyingine.

Swali la nani alipe kilichozidi limejibiwa kwa namna ya pekee nchini Marekani, ambako baadhi ya ndugu na watoto wetu wanaishi na kufanya kazi. Huko familia za kawaida huuziwa kinga ya ziada iitwayo bima ya mwavuli. Haishiki nafasi ya bima ya gari wala ya nyumba. Hutandazwa juu ya zote mbili, na huanza kazi pale zile za chini zinapofika mwisho.

Hebu tupige hesabu. Mtu ana bima ya gari inayolipa hadi dola 250,000 kwa majeruhi mmoja, na juu yake ana mwavuli wa dola milioni 1. Amemgonga mtu, na mahakama imeamuru fidia ya dola 900,000. Bima ya gari italipa 250,000, na mwavuli utalipa 650,000 zilizobaki. Asingekuwa na mwavuli, deni hilo lingemfuata kwenye akiba yake, na katika majimbo mengi hata kwenye mshahara wake.

Kwa upande wa nyumba mambo ni hayo hayo. Mgeni akiteleza kwenye ngazi zenye barafu, au mbwa wako akimng’ata mtoto wa jirani, bima ya nyumba hulipa kwanza, na mwavuli hufuata. Miavuli mingi hukinga pia madai ya kumkashifu mtu.

Lakini mwavuli una sharti lake. Kampuni humtaka mteja awe na bima za chini zenye kiwango maalumu. Jimbo la Texas, kwa mfano, humruhusu dereva kuendesha akiwa na kinga ya dola 30,000 tu kwa majeruhi mmoja, na kiasi hicho hakitoshi kushikilia mwavuli. Tuseme yule mtu wetu, kwa kubana matumizi, aliipunguza bima ya gari kutoka 250,000 hadi 100,000 bila kuiarifu kampuni ya mwavuli. Siku ya ajali bima ya gari italipa 100,000, na mwavuli utaanza kuhesabu juu ya 250,000. Dola 150,000 zilizo katikati atazitafuta mwenyewe.

Tena mwavuli haukingi kila mvua. Haulipi matengenezo ya gari lako wala matibabu yako mwenyewe. Haumlipii aliyemdhuru mwenziwe kwa makusudi. Na kwa kawaida haugusi shughuli za biashara. Kwa hiyo kijana wetu aliyeko ughaibuni, anayebeba abiria kwa malipo baada ya kazi, asijidanganye kwamba mwavuli wa familia utamfunika huko.

Basi, ndugu msomaji, uwe Houston, Mombasa au Mbagala, maswali ya kuuliza kabla ya kulipa ni yale yale. Bima hii itamlipa mtu wa tatu kiasi gani, kwa mtu mmoja na kwa ajali nzima? Je, mali ya mtu nayo imo? Naweza kuongeza kikomo hicho, na kwa ada gani? Ni nani anayeruhusiwa kuendesha gari hili, na kwa kazi gani? Usitosheke na majibu ya mdomo. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na wakala wa bima ni mwamba ngoma. Mwombe akuoneshe mahali yalipoandikwa.

Na kama umekwisha kulipa, jioni ya leo itoe hati yako kabatini. Keti na mwenzio wa nyumbani, mtafute tarakimu ya kikomo, kisha mjiulize: siku tukimdhuru mtoto wa mwenzetu, je, fedha hizi zitamtosha? Na zisipotosha, tutauza nini?