Gigabaiti 500 zilizosomeka 465

Katika nyumba yangu mjini Hopkins, mji mdogo ulio magharibi mwa Minneapolis nchini Marekani, nina kanda za sauti nilizozikusanya katika miaka yangu ya kazi Afrika Mashariki: mahojiano, hotuba, na sauti za watu ambao baadhi yao wamekwisha kufariki dunia. Zote nimezihamishia kwenye kompyuta. Nikanunua diski ya nje ili niwe na nakala ya pili, kwani aliyewahi kuondoka kwake kwa haraka hupenda kuwa na nakala mbili za kila kitu.

Kompyuta ilinionyesha kwamba sauti hizo ni gigabaiti 480. Boksi la diski liliandikwa gigabaiti 500. Nikaona nafasi inatosha na kubaki. Lakini nilipoichomeka, diski ilisomeka gigabaiti 465.

Je, nilipunjwa?

Wasomaji waliokulia Tanzania wanaijua lumbesa, lile gunia linaloshonewa kilemba juu hadi mkulima anauza mzigo uliozidi kwa bei ya gunia moja. Jina ni lile lile, gunia, lakini kilichomo ni kingine. Gigabaiti nayo ina vipimo viwili chini ya jina moja.

Kipimo kidogo kabisa cha taarifa ni biti, yaani 0 au 1. Biti 8 hufanya baiti 1, ambayo hutosha kuhifadhi herufi moja ya kawaida. Hadi hapo hakuna ugomvi. Ugomvi huanzia kwenye kilo. Kwa mfanyabiashara wa sukari, na kwa mtengenezaji wa diski, kilo ni 1,000. Lakini kumbukumbu ya kompyuta hupangwa kwa kuongezeka maradufu: anza na 1, zidisha kwa 2 mara 10, utafika 1,024. Wataalamu wa awali waliona 1,024 inakaribia 1,000, wakaiita kilo vilevile.

Katika kilobaiti tofauti ni asilimia 2.4 tu. Katika megabaiti inakaribia asilimia 5, katika gigabaiti inapita 7, na katika terabaiti inafika takriban 10. Disketi za zamani za megabaiti 1.44 zilivuruga zaidi: megabaiti yake ilikuwa 1,000 mara 1,024, kipimo ambacho si cha upande wowote.

Boksi langu basi halikusema uongo. Lina baiti bilioni 500. Kompyuta yangu, inayotumia Windows, huzigawa kwa 1,024 mara tatu na kupata 465. Kompyuta za Apple zilianza kuhesabu kwa 1,000 mwaka 2009, hivyo diski hiyo hiyo huko husomeka 500. Mwaka 1998 tume ya kimataifa inayosimamia viwango vya umeme, IEC, ilipendekeza majina mapya kwa hesabu ya 1,024: kibibaiti, mebibaiti, gibibaiti. Majina hayo ni sahihi, ila sijawahi kumsikia muuza duka akiyatamka.

Historia ya vipimo hivi inapita karibu na ninapoishi. Kampuni ya Control Data ilianzishwa Minneapolis mwaka 1957, na kompyuta yake maarufu ya mwaka 1964, CDC 6600, ilihifadhi herufi kwa biti 6, si 8. Mwaka huo huo IBM ilitangaza kompyuta zake za System/360, zilizotumia biti 8, na desturi hiyo ndiyo iliyoshinda. Kitengo cha diski cha Control Data kilinunuliwa na Seagate mwaka 1989. Mwaka 2007 Seagate, iliyoshtakiwa na wateja kwa sababu ya tofauti hii ya 1,000 na 1,024, ilikubali kuwarejeshea asilimia 5 ya bei.

Turudi kwenye hesabu yangu. Gigabaiti 480 za kompyuta ni karibu 515 za dukani. Zilizokosa nafasi ni zaidi ya 15, na kwa kuwa saa moja ya sauti yenye ubora wa CD huchukua megabaiti 635, ningelazimika kuacha nje zaidi ya saa 24 za mazungumzo. Nani nimwache? Nilirudi dukani, nikachukua diski ya terabaiti 1.

Mwenzangu aliyeko Nairobi akataka naye nakala, nimtumie kwa intaneti. Hapa ndipo mtego wa pili. Kampuni za intaneti hutangaza kasi kwa megabiti, zenye alama ya b ndogo, ilhali mafaili hupimwa kwa megabaiti, zenye B kubwa. Gawanya kwa 8. Laini ya megabiti 100 hupitisha megabaiti 12.5 kwa sekunde. Laini ya mwenzangu ni megabiti 2, yaani robo megabaiti kwa sekunde. Tukapiga hesabu pamoja kwa simu: takriban siku 24, usiku na mchana, bila umeme kukatika hata mara moja.

Nilinunua diski nyingine, nikampa msafiri.