Jua Lipashe Maji ya Kuoga

Ukikaa Tumati unaijua baridi. Mwezi wa sita, wa saba na wa nane, ukungu wa asubuhi hufunika vilima vya Mbulu. Maji yaliyolala ndani huuma mikono. Mtoto akiitwa kuoga, hukimbia. Mama naye humwambia, "Basi, nawa uso tu." Siku zikipita hivyo, upele huingia nyumbani.

Ili mtoto aoge bila kukimbia, yanatakiwa maji ya moto. Lakini maji ya moto yanataka kuni. Je, nani anazitafuta kuni hizo? Mara nyingi ni mama na binti zake. Kila mwaka huenda mbali zaidi. Miti ikiisha, chemchemi nazo hupungua. Ugali hauivi bila moto, hilo tunalijua. Lakini kuni za maji ya kuoga tunaweza kuzipunguza. Ukungu ukiondoka, jua la mchana ni kali, na halina bei.

Jua hupashaje maji?

Kuna mambo manne ya kukumbuka.

Kwanza, rangi nyeusi. Kitu cheusi hunywa joto la jua. Kitu kinachong'aa hulirudisha. Jaribu mwenyewe. Chukua makopo mawili yaliyo sawa. Moja lipake masizi nje. Yajaze maji, yafunike, uyaweke juani kwa saa tatu. Kisha tia kidole. Utaona tofauti.

Pili, kina kifupi. Maji ya pipa huchelewa kupata joto, kwa sababu ni mengi na jua hulipiga upande mmoja tu. Maji yaliyotandazwa kama uji kwenye sahani hupata joto upesi.

Tatu, kifuniko kinachopitisha mwanga, kama kioo au nailoni nyeupe. Jua hupita, lakini upepo hauingii na mvuke hautoki. Mvuke ukitoka, huondoka na joto. Katika nchi za baridi wako watu wenye mabwawa ya kuogelea nyuma ya nyumba zao. Wengi huyatandikia nailoni juu, kwa kuwa bwawa lililo wazi hupoteza joto lake jingi kwa njia ya mvuke. Wengine huyapitisha maji katika mabomba meusi yaliyolazwa juu ya paa. Sisi hatuna mabwawa hayo, lakini kanuni ni ile ile.

Nne, kizuizi cha baridi chini. Wazee wa Kiiraqw walilijua jambo hili. Walichimba nyumba zao katika mteremko wa kilima na kuezeka kwa udongo. Baridi ya usiku haikuingia upesi. Kwa maji yetu tutatumia majani makavu.

Namna ya kutengeneza

1. Chagua mahali palipo wazi, pasipo na kivuli tangu saa 3 asubuhi hadi saa 10 jioni. Pawe karibu na nyumba.

2. Chimba shimo la mraba, mita 1 kwa mita 1, kina cha sentimita 20. Sawazisha chini. Shimo likiinama, maji yatakusanyika upande mmoja.

3. Tandika majani makavu. Yakanyage mpaka yawe na unene wa sentimita 10.

4. Tandika nailoni nyeusi nzito, isiyotoboka. Pandisha kingo zake nje ya shimo na uzibane kwa mawe.

5. Asubuhi, mimina maji ya kina cha sentimita 5. Hayo ni lita 50, yaani ndoo mbili na nusu za lita 20.

6. Weka fito chache juu ya shimo. Funika kwa nailoni nyeupe. Bana kingo zote kwa udongo ili upepo usiingie.

7. Chimba mfereji mdogo upande wa juu, maji ya mvua yasiingie.

Jua likiwaka vizuri, maji huwa tayari saa 9 mchana. Yachote kabla ya saa 11, kwa maana jua likishuka joto nalo huondoka. Ukiyaacha mpaka asubuhi, utayakuta baridi. Kwa hiyo watoto waoge jioni mapema, si alfajiri.

Mambo ya kuangalia

Pima maji kwa mkono kabla ya kumwogesha mtoto. Siku ya jua kali yanaweza kuwa ya moto kupita kiasi. Changanya na ya baridi.

Usiyanywe. Maji haya hayakuchemka, na jua halikuua vijidudu vyote. Maji ya kunywa uyachemshe kama kawaida.

Mtoto mdogo anaweza kuzama hata katika maji machache. Zungushia shimo miiba au fito. Maji yakiisha kuchotwa, shimo libaki tupu na limefunikwa.

Siku ya mawingu mazito usitegemee jua. Lakini hata maji ya uvuguvugu yakitiwa motoni hutumia kuni chache kuliko maji ya baridi.

Nailoni hununuliwa, na jua huichakaza. Kama huwezi kuinunua peke yako, nyumba mbili au tatu zishirikiane kwa jaribio la kwanza. Maji yaliyokwisha kuogewa yamwage kwenye shina la mti uliopanda.

Hutaacha kwenda kutafuta kuni. Lakini mzigo mmoja uliopungua ni mgongo wa mtu uliopumzika, na ni mti mmoja uliobaki umesimama.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Katika nyumba yako, nani hutafuta kuni? Huchukua saa ngapi?
2. Kwa nini maji ya pipa huchelewa kupata joto?
3. Shimo la mita 1 kwa mita 2, lenye maji ya kina cha sentimita 5, huchukua lita ngapi?
4. Kwa nini hatunywi maji haya?