Lubumbashi: Resori za nyuma za magari ya zamani hazitaki njia ya mkato

Katika garaji nyingi za wazi za Lubumbashi, kutoka komini ya Kenya hadi Kampemba na Ruashi, gari la zamani lililoinama nyuma si jambo la kushangaza. Land Cruiser za miaka ya 1970, Land Rover, Hilux za kwanza na pickup za Peugeot 504 bado ni magari ya kazi: makala, mahindi, saruji, na mara nyingi watu juu ya mzigo. Mwenye gari huangalia injini kila siku. Resori za nyuma, ambazo ndizo hubeba uzito huo wote, huzikumbuka siku zinapovunjika.

Siku hiyo inaweza kuwa mbaya. Resori ikivunjika gari likiwa katika mwendo, ponti ya nyuma, yaani chuma kinachounganisha magurudumu mawili ya nyuma, inaweza kusogea kutoka mahali pake. Gari huvuta upande mmoja na dereva hushindwa kulishika. Kwenye barabara ya taifa namba 1, inayounganisha Kasumbalesa, Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, dereva huyo anapishana na malori yaliyobeba shaba na asidi ya migodi. Kwa hiyo kazi ya kubadilisha resori haiwahusu wapenda magari ya zamani peke yao.

Mabamba yanayofanya kazi pamoja

Resori ya aina hii ni mabamba ya chuma yaliyopindwa kidogo na kupangwa moja juu ya jingine. Bamba la juu ndilo refu kuliko yote, na ncha zake mbili zimekunjwa kuwa masikio. Sikio la mbele hufungwa kwenye shasi bila kusogea. Sikio la nyuma hushikwa na kiungo kinachoning'inia, kwa sababu resori inapolemewa hunyooka na kuwa ndefu zaidi, hivyo inahitaji nafasi ya kusogea.

Katikati, buloni moja hupita ndani ya mabamba yote. Kichwa chake huingia kwenye tundu la ponti na kuonyesha mahali ponti inapopaswa kukaa. Lakini si buloni hiyo inayobeba nguvu. Kazi hiyo ni ya brida, vyuma vyenye umbo la herufi U vinavyobana resori na ponti pamoja. Brida zikilegea, nguvu yote ya gari kuondoka na kufunga breki huangukia buloni ya katikati. Siku moja hukatika, na gari huanza kutembea kiupandeupande kama kaa.

Magari mengi ya zamani yaliyozoeleka Katanga yametengenezwa hivyo. Land Rover za kwanza, zilizotoka kuanzia mwaka 1948 hadi 1985, na Land Cruiser za mfululizo wa 40, zilizotengenezwa kati ya 1960 na 1984, zina resori za mabamba mbele na nyuma. Hilux ilitoka mwaka 1968 ikiwa na resori hizo nyuma, na pickup ya Peugeot 504 ikafuata mwaka 1979. Waliozitengeneza walichagua mabamba kwa sababu hubeba uzito mkubwa na hutengenezeka bila vyombo vya gharama.

Hata hivyo yana mwisho wake. Wakati wa kiangazi vumbi jekundu huingia kati ya mabamba na kuyasaga. Masika yanapofika, maji huleta kutu na mashimo ya barabara huongezeka. Mzigo uliozidi kipimo, kwenye njia za vumbi kama zile za kuelekea Kasenga, humaliza kazi.

Dawa tatu zinazodanganya

Dawa ya kwanza ni kuchomelea bamba lililovunjika. Ni ya bei ndogo, na gari hutoka siku hiyo hiyo. Lakini chuma cha resori si sawa na chuma cha mlango au cha dirisha. Kiwandani kilipashwa moto, kikapozwa ghafla, kisha kikapashwa tena kwa kipimo ili kiweze kupinda na kurudi. Moto wa kuchomelea huharibu hali hiyo. Mahali palipochomelewa panaweza kushika, na bamba likapasuka pembeni yake.

Dawa ya pili ni kuongeza bamba moja au mawili. Gari husimama juu na mwenye gari hufurahi, kisha huongeza mzigo. Lakini ponti, breki na mipira ya magurudumu havikuongezeka nguvu. Kuna hatari nyingine isiyoonekana. Baadhi ya pickup zina kifaa kinachopima umbali kati ya ponti na sehemu ya juu ya gari ili kugawa nguvu ya breki za nyuma. Gari likiinuliwa kwa mabamba ya ziada, kifaa hicho huelewa kwamba halina mzigo, na hupunguza breki za nyuma wakati gari limejaa pomoni.

Ya tatu ni kubadilisha upande mmoja tu. Resori mpya na resori iliyochoka hazibebi sawa. Gari hubaki limeinama, na resori mpya hubeba sehemu ya kazi ya mwenzake. Kanuni ni moja: zinabadilishwa mbili pamoja, kushoto na kulia.

Kazi inavyofanywa vizuri

Fundi makini huanza kwa kupima. Gari likiwa limesimama mahali tambarare, bila mzigo, anapima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, pande zote mbili, na kuandika. Bila vipimo hivyo hatajua mwishoni kama kazi imefaulu.

Kisha magurudumu ya mbele yanazuiwa, nyuma inainuliwa, na shasi inawekwa juu ya vihimili imara. Gari lisibaki juu ya kriki peke yake, wala juu ya matofali, kwa maana tofali linaweza kupasuka bila kutoa dalili. Kriki inabaki chini ya ponti ili kuipandisha na kuishusha polepole. Amortiseri inafunguliwa upande wa chini, na bomba la breki linaangaliwa lisije likavutwa ponti inaposhuka.

Upande mmoja unafunguliwa, unamalizika, ndipo unafuata wa pili. Hivyo resori iliyobaki inashikilia ponti. Mara nyingi kinachokula saa nyingi ni buloni za masikioni, ambazo kutu ya miaka imezishika. Inafaa kuzimwagia mafuta ya kulegeza kutu tangu jana yake. Kutumia moto ni hatari, hasa pale tanki la mafuta liko karibu.

Resori mpya inapoingia, fundi aangalie upande wake wa mbele. Katika magari mengi buloni ya katikati haiko katikati kabisa: nusu ya mbele ni fupi kuliko ya nyuma. Resori ikigeuzwa, ponti nzima inahama.

Brida na ekru zake ziwe mpya. Zilizokwisha kukazwa kwa nguvu zimeshavutika, na hazibani tena kama mwanzo. Zinakazwa kwa zamu, kidogo kidogo na kwa mshazari, ili zibane sawasawa. Buloni za masikio yenye mpira ndani zinakazwa mwisho, gari likiwa limeshuka chini kwa uzito wake. Zikikazwa gari likiwa juu, mpira hubaki umejisokota na kupasuka mapema.

Baada ya hapo vipimo vinarudiwa. Kisha, gari likishatembea kilometa mia moja hivi, lirudi garajini brida zikazwe tena. Hiyo ndiyo hatua ambayo wenye magari wengi huruka, kwa kuwa gari linatembea vizuri.

Vipuri na shule

Lubumbashi ni mji wa madini, lakini utajiri wake ni shaba na kobalti. Chuma cha resori kinatoka mbali, na vipuri vingi hupitia Kasumbalesa. Kwa Hilux na Land Cruiser si vigumu kupata. Kwa 504, mara nyingi ni kutafuta kwenye magari yaliyokufa. Anayenunua resori iliyotumika aende na ya zamani mkononi, alinganishe urefu kutoka sikio hadi sikio, upana na unene wa mabamba, hesabu yake, na mahali pa buloni ya katikati. Kisha asugue kutu na kutafuta nyufa karibu na masikio na karibu na tundu la buloni.

Ujuzi nao upo. INPP, taasisi ya serikali ya mafunzo ya kazi, inafundisha umekanika mjini, na vijana wengine hujifunza chini ya mti kwa fundi aliyewatangulia. Kanuni mpya ya barabara, sheria namba 78/022 ya tarehe 30 Agosti 1978, ina masharti juu ya hali ya kiufundi ya magari. Lakini kabla ya polisi kuangalia, anayeweza kulala chini ya gari na kuona bamba lililopasuka ni mwenye gari na fundi wake.

Resori iliyotolewa haina haja ya kutupwa. Katika miji mingi ya Afrika wahunzi huitafuta kwa kutengeneza majembe, mapanga na shoka, kwa kuwa ni chuma kigumu kinachoshika makali. Huko ndiko bamba lililovunjika linakofaa kwenda, si kurudi chini ya gari linalobeba watu.