Mwaka wa mwisho si wa kupumzika: pointi za finalisti na mlango wa chuo kikuu



Siku moja mama mmoja alinisimamisha njiani, karibu na mashine ya kukamua mawese. Mtoto wake yuko darasa la mwisho la sekondari. Akaniuliza: "Mwalimu, huyu mtoto amesoma vizuri miaka yote. Huu mwaka nikimuacha aende ziwani usiku atuletee pesa kidogo, kuna ubaya gani? Si atashinda tu egzameni?"

Swali hilo nimelisikia mara nyingi hapa Kizuka. Nimeona nilijibu kwenye gazeti letu ili tusikie wote.

Mama, mtoto wako anaweza kushinda, ndiyo. Lakini kushinda ni jambo moja, na kuchaguliwa ni jambo lingine.

Kushinda na kuchaguliwa

Kwa watoto wa programu ya Kongo, mwisho wa sekondari ni Egzameni ya Serikali, ile tunayoita Exetat. Kwanza kuna insha na kuzungumza Kifaransa. Baadaye zinakuja siku 4 za mitihani: utamaduni wa jumla, sayansi, lugha, na masomo ya opsheni. Ukipata 50 kwa mia, una diploma. Watu wanapiga kelele, wanajipaka poda nyeupe, mtaa wote unajua.

Lakini ile asilimia inabaki imeandikwa. Pale ambapo nafasi ni chache na wanaoomba ni wengi, diploma ya 51 na diploma ya 70 hazisomwi sawasawa, hata kama siku ya furaha poda ilikuwa ileile.

Majirani wetu ni hivyohivyo. Kenya, mwanafunzi anahitaji wastani wa C+ kwenye mtihani wa KCSE ili kuingia digrii. Tanzania, wa kidato cha 6 anahitaji kufaulu masomo mawili makuu yenye jumla ya pointi 4, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Basi D mbili zinafungua mlango. Lakini mwenye kutaka udaktari anadaiwa zaidi ya hapo. Mlango ni mmoja, vyumba vya ndani ni tofauti.

Bursa zinaangalia nini

Sisi wakimbizi tuna shida ya pili: hata ukikubaliwa, nani atalipa? Ndiyo maana bursa ni muhimu kwetu kuliko kwa wengine. DAFI, inayolipiwa kwa sehemu kubwa na serikali ya Ujerumani kupitia UNHCR, ilianza mwaka 1992 na inasomesha wakimbizi digrii ya kwanza. Kuna pia mpango wa WUSC wa Kanada, ulioanza mwaka 1978, ambao umechukua vijana wengi kutoka kambi za Kakuma na Dadaab kule Kenya. Mipango hiyo inataka mtu aliyemaliza sekondari na pointi nzuri. Kuwa mkimbizi peke yake hakutoshi, maana wote wanaoomba ni wakimbizi.

UNHCR na washirika wake wamejiwekea lengo kwamba ifikapo mwaka 2030, vijana wakimbizi 15 kwa kila 100 wawe katika masomo ya juu. Bado hatujafika. Kwa hiyo nafasi ni chache, na wanaochagua wanatafuta sababu ya kupunguza majina. Buletini iliyoanguka mwaka wa mwisho inawapa sababu hiyo.

Msifikiri hii ni taabu ya Afrika tu. Marekani, vyuo vinavyochagua sana vinaomba shule itume pointi za katikati ya mwaka wa mwisho, tena na zile za kumalizia. Mwanafunzi aliyekwisha kupewa barua ya kukubaliwa anaweza kunyang'anywa nafasi kama ameanguka sana.

Yaliyonipata mimi

Nawaambia haya kwa sababu yamenipata. Darasa la kabla ya mwisho nilikuwa na 68. Mwaka wa mwisho nikajiambia: buletini hazina kazi tena, kitu ni Exetat tu. Nikaanza kubeba mikungu ya ngazi mchana, nasoma nikipata nafasi. Nikashinda kwa 54. Tulisherehekea.

Baadaye tangazo la bursa likatoka. Waliomba diploma pamoja na buletini za miaka miwili. Karatasi zangu zilionyesha kijana anayeshuka. Sikuitwa hata kwenye mahojiano. Mwenzangu, ambaye miaka yote alikuwa nyuma yangu, mwaka ule alipanda kutoka 57 mpaka 66. Yeye aliitwa. Nilikasirika, lakini kumbe karatasi zilisema kweli: yeye alikuwa anapanda, mimi nilikuwa nateremka.

Basi wewe uliyeanza vibaya, usikate tamaa. Mwaka wa mwisho unaangusha, lakini pia unainua.

Tufanye nini?

1. *Miezi ya kwanza ni mwaka wa mwisho tayari.* Usingoje miezi ya mwisho ndipo uanze kurudia masomo.

2. *Kazi za usiku.* Baba, najua ndagala ndiyo chakula na ndiyo pesa. Lakini mtoto aliyekesha na taa ziwani analala darasani. Kama ni lazima aende, iwe siku za mapumziko. Usiku wa mbalamwezi, wakati mitumbwi inapumzika, usimtafutie kazi nyingine. Umuachie asome.

3. *Wasichana.* Maji, kuni, wadogo zake, na bado tunataka pointi 70? Tugawe kazi na kaka zake.

4. *Jina.* Hakikisheni jina kwenye orodha ya shule linaandikwa sawasawa na kwenye karatasi ya ukimbizi, herufi kwa herufi. Likikosewa kwenye diploma, kulisahihisha ni safari ndefu.

5. *Buletini zote zitunzwe.* Ziwekwe ndani ya plastiki, mbali na moto na mvua. Pigeni kopi, na picha ya simu pia. Diploma ya nchi moja ikienda nchi nyingine huombewa ulinganisho. Tanzania, kwa mfano, kazi hiyo kwa sekondari inafanywa na NECTA. Bila karatasi hakuna cha kulinganisha.

Yule mama nilimjibu hivyohivyo. Alinyamaza kidogo, akasema: "Basi nitaongea na baba yake juu ya ziwa." Juma lililofuata mtoto alikuja darasani macho yamefunguka. Sijui ataishia wapi, lakini buletini yake ya kwanza ni 63, na bado ana nafasi ya kupanda.

Wafinalisti wanaotaka kurudia hesabu na Kifaransa, mnikute shuleni Jumamosi asubuhi. Ni bure. Njooni na daftari, na ukiwa na mwenzako anayeona haya, mshike mkono mje naye.

Mwalimu wenu wa kujitolea,
Kizuka