Ndege wa kadi za Krismasi: Je, ni salama kumlisha mkononi?

Ukipokea kadi ya Krismasi kutoka Uingereza, usishangae kumkuta ndege mmoja mdogo, mviringo kama ndimu, kifua chekundu, amesimama kwenye theluji. Anaitwa robini.

Robini si pambo la kubuni. Yupo kweli kwenye bustani za nyumba huko, na ni mmoja wa ndege wachache wa porini wanaoweza kuja kula kwenye kiganja cha mtu. Ndiyo maana kila Desemba wapo wanaomchora kwenye kadi za kutengeneza nyumbani, kisha wanatoka nje kumtafutia chakula.

Hili la kumlisha lina masharti yake. Ukifanya vibaya, chakula chako kinaweza kumuua yeye au wenzake.

Aliingiaje kwenye kadi?

Mwaka 1840 Uingereza ilianzisha posta ya bei nafuu, ambapo barua ya kawaida ilisafirishwa kwa peni moja tu kwenda popote nchini. Watu wakaanza kuandikiana kwa wingi.

Miaka 3 baadaye, Henry Cole, mtumishi wa serikali aliyesaidia kuanzisha posta hiyo, alijikuta na barua nyingi za kujibu msimu wa Krismasi. Akamwomba mchoraji John Callcott Horsley amtengenezee kadi moja ya kuchapishwa. Hiyo ya 1843 ndiyo inayotajwa kuwa kadi ya kwanza ya Krismasi ya kibiashara. Iliuzwa kwa shilingi moja, pesa nyingi kwa mtu wa kawaida wakati ule.

Na robini je? Wakati huo watu wa posta walivaa makoti mekundu, basi wananchi wakawabandika jina la utani la ndege huyo. Wachoraji wakaona utani huo unafaa, wakaanza kumchora robini akiwa amebeba barua mdomoni. Mtu wa posta akageuka ndege, na ndege akabaki kwenye kadi hadi leo.

Kwa kweli kifua chake si chekundu kabisa, kina rangi ya chungwa. Ila Waingereza walimpa jina lake la zamani kabla lugha yao haijapata neno la rangi hiyo. Kama ilivyo kwenye Kiswahili, rangi hiyo ilikuja kuitwa kwa jina la tunda.

Kwa nini hamwogopi mtu?

Robini hula wadudu na minyoo. Porini huwafuata wanyama wanaochimbua udongo, kama nguruwe mwitu, ili aokote kinachofukuliwa. Kwake yeye, mtu anayelima bustani ni kama nguruwe mwingine tu. Jembe likiinuka, chakula kinatokea.

Lakini upole huo ni kwa binadamu. Kwa robini mwenzake ni mkali ajabu. Kila mmoja ana eneo lake, na akiingiliwa anapigana, wakati mwingine hadi kifo. Mtafiti David Lack, aliyeandika kitabu maarufu kuhusu ndege huyu mwaka 1943, alionyesha kwamba robini anaweza kushambulia hata kishada cha manyoya mekundu kilichowekwa kwenye eneo lake. Yaani ile rangi nzuri ya kwenye kadi, kwa robini ni onyo: "Toka hapa, pana mwenyewe."

Ndiyo maana kinda wa robini hana kifua chekundu. Huwa na madoadoa ya kahawia, hivyo wakubwa hawamwoni kama mpinzani.

Kumzoesha mkono hufanywaje?

Huhitaji uchawi, unahitaji subira. Mmoja wa waliojulikana kwa hili ni Edward Grey, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwaka 1914. Alipostaafu siasa, aliwazoesha robini hadi wakawa wanakula mkononi mwake, na mwaka 1927 alitoa kitabu kuhusu ndege.

Njia yenyewe ni ya hatua kwa hatua:

- Weka chakula mahali pamoja, saa ileile, kila siku.
- Kaa mbali kwanza. Ndege akizoea, sogea kidogo kidogo.
- Weka chakula kwenye kifuniko kidogo, ukishike kwa ncha za vidole.
- Mwisho fungua kiganja, utulie kabisa. Usimkodolee macho, na usijaribu kumshika kamwe.

Inaweza kuchukua siku chache au wiki kadhaa. Wengine hawaji kabisa, na hapo huna la kumlazimisha.

Kwa nini Desemba ni muhimu?

Robini mzima ana uzito wa gramu kama 20 hivi. Usiku mmoja wa baridi kali unaweza kumla hadi asilimia 10 ya uzito huo, kwa sababu mwili wake unachoma mafuta ili upate joto. Na mwezi huo mchana wa London una saa kama 8 tu. Asipopata chakula cha kutosha kabla giza halijaingia, huenda asifike asubuhi.

Wanaomsaidia humpa viwavi wakavu waliolowekwa kwenye maji, mbegu za alizeti zilizomenywa, au jibini laini iliyokwaruzwa. Vitu vyenye chumvi havifai, na maziwa hayafai kabisa, kwani tumbo la ndege haliwezi kuyamudu. Mkate unamjaza tumbo bila kumpa nguvu anayohitaji.

Hatari iko wapi?

Iko kwenye uchafu. Ndege wengi wakila sehemu moja, mate na kinyesi vinachanganyika na chakula.

Tangu mwaka 2005, ugonjwa wa trikomonosisi umeua ndege wengi sana wa aina ya grinfinchi nchini Uingereza. Vimelea vyake hukaa kooni, ndege anashindwa kumeza, anakufa kwa njaa chakula kikiwa mbele yake. Mwaka 2021 grinfinchi aliwekwa kwenye orodha nyekundu ya ndege walio hatarini zaidi nchini humo. Mwaka 2025, RSPB, shirika kubwa la kulinda ndege la Uingereza, lilisitisha kuuza vilishio bapa kwa sababu ya hofu ya magonjwa.

Kwa hiyo kilishio kioshwe angalau mara moja kwa wiki, kihamishwe mahali mara kwa mara, na chakula kiwe kidogo kinachoisha siku hiyohiyo. Ukiona ndege mgonjwa, acha kulisha kwa muda ili watawanyike. Na baada ya kulisha, nawa mikono kwa sabuni.

Vipi kuhusu tumbili wa kwetu?

Hapo usilinganishe. Robini akishiba anaruka kwenda zake. Tumbili au kima aliyezoea ndizi za watu, kama inavyoonekana City Park jijini Nairobi au Diani, anajifunza kwamba binadamu ni ghala. Kesho usipompa, ananyakua. Anaweza kung'ata na kuambukiza ugonjwa, na mwisho wake mara nyingi ni kupigwa mawe au kuwekewa sumu na watu waliochoshwa naye. Kwenye hifadhi za taifa za Kenya na Tanzania, wageni hawaruhusiwi kulisha wanyama.

Ukitaka kuwasaidia ndege wa uani kwako, beseni la maji safi kivulini linatosha. Badilisha maji kila siku, lisugue, basi.

Na kadi yenyewe?

Kumchora robini ni rahisi hata kwa mtoto. Kunja karatasi ngumu katikati. Chovya kidole gumba kwenye rangi ya kahawia, gandamiza: huo ndio mwili. Chovya kidole kidogo kwenye rangi nyekundu, gandamiza mbele: hicho ni kifua. Malizia macho, mdomo na miguu kwa kalamu.

Acha tu ule unga wa kung'aa. Mwingi ni plastiki, na kadi yenye unga huo ni vigumu kuichakata upya. Pia unabaki kwenye vidole, na vidole hivyohivyo ndivyo vitakavyoshika chakula cha ndege.